Pamba Niliyofutia Krenki

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kitu kimoja tu, na ndicho nilichokuja kukifanya. Ilikuwa kwenye kinu cha kuchambulia pamba, huko Shinyanga. Fundi Mkuu wa gereji, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alinionyesha sanduku la spana na shimo la kukagulia magari, kisha akanyoosha kidole kwenye marobota yaliyopangwa hadi darini.

"Unaiona hiyo pamba?"

"Naiona, mzee."

"Hufutii injini. Vitambaa vikiisha, futa kwa shati lako."

Sababu yake niieleze, maana mafundi wa sasa mnapewa taulo za karatasi na hamjui tulikotoka. Ndani ya injini mna krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni. Krenki ina vitundu vyembamba vya kupitishia oili hadi kwenye beringi. Nyuzi za pamba zikiziba kitundu kimoja, beringi inakauka, chuma kinasaga chuma, na injini inakamata. Ikishakamata haizunguki hata ukiining'inia spana kwa uzito wako wote.

Mwaka wa pili nilipewa kazi yangu kubwa ya kwanza, pikapu ya petroli ya idara ya usafirishaji. Nilishusha injini, nikabadilisha beringi, na nilipofika kwenye kurudisha krenki vitambaa vilikuwa vimekwisha. Shati langu lilikuwa jipya, nimelivaa siku hiyo hiyo. Nikatazama huku na huku, nikanyofoa pamba kwenye robota lililopasuka, nikafuta krenki, nikafunga. Pikapu ikawaka kwa mara ya kwanza na Fundi Mkuu akanipa mkono. Nilijiona mkubwa kweli.

Haikupita mwezi, pikapu ile ikakamata njiani, haijafika Masumbwe ilikokuwa ikipeleka mbegu kwa wakulima. Ilirudishwa ikivutwa na trekta, na dereva wake, Masanja, ameketi kwenye usukani uso umemshuka. Mkuu wa Usafirishaji alimsubiri getini.

"Uliendesha bila oili."

"Oili ilikuwepo, mzee. Nilipima kwa stiki asubuhi, ilikuwa kwenye alama."

"Injini haijikamati yenyewe, Masanja."

Injini haikufunguliwa. Vipuri havikuwepo, na Mkuu alikuwa ameshaamua. Masanja alifukuzwa kazi Ijumaa ile, akaondoka na godoro lake kwenye baiskeli. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale, mpini wa jeki mkononi. Sikusema kitu.

Kinu kilipopungukiwa na pamba nilihamia Segese, kwenye gereji ya mgodi mkubwa, ambako tairi moja lilinizidi urefu na Msimamizi wa Zamu alitupima pumzi asubuhi kuona kama tumelewa kabla hatujagusa spana. Baadaye nilijitegemea Masumbwe, nikitengeneza injini za makrasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kote huko nilikuwa mkali kuhusu kufuta. Kijana akishika kitu chenye nyuzi namnyang'anya. Wachimbaji wakaniita Baba Kitambaa, wakacheka, nami nikacheka nao. Walidhani ni umaridadi.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Ushirombo. Mwaka jana nikasikia ghala la kile kinu linasafishwa, na ndani yake ipo pikapu kuukuu ambamo kuku wanataga. Nilikwenda kuitazama. Namba ya injini niliikumbuka. Mwenye ghala alifurahi kupata wa kumwondolea takataka, nikaileta nyumbani juu ya lori.

Mke wangu, Mama Leticia, aliizunguka mara mbili.

"Hii ndiyo ya Masanja?"

Yeye peke yake ndiye niliyewahi kumwambia. Nikamjibu ndiyo, nataka kuifungua nione.

"Muite aje. Ukikuta hiyo pamba ukiwa peke yako, utaitupa chooni."

Alinikasirisha, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wiki nzima nilidondosha matone ya dizeli na mafuta ya gia kwenye matundu ya plagi ili kutu ilegee, huku najipa moyo. Jumamosi nikatuma ujumbe kijijini kwake, na Mzee Masanja akaja na baiskeli, fimbo ya kuchungia imefungwa nyuma. Amezeeka, lakini mgongo wake umenyooka.

"Shikamoo, Mzee Masanja."

"Marahaba, Baba Leticia. Mwangaluka," akaongeza salamu ya Kisukuma. "Nimesikia unafufua maiti."

Alipoliona gari aliegemeza baiskeli ukutani. Nikamwambia yote pale pale, kabla sijagusa nati: shati, robota, mpini wa jeki. Sikupamba, nikamwomba msamaha. Alivuta kigoda karibu na injini, akakaa.

"Fungua," akasema.

Nikafungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu. Pistoni mbili zilikuwa zimeganda kwa kutu. Tukaiinua injini ikakaa wima juu ya matairi, nikafungua kwa chini sampo, karai linalotunza oili. Ilikuwa imejaa oili nyeusi, nzito, hadi pale inapotakiwa. Masanja aliinama, akachovya kidole, akakinyanyua nikione.

"Niliwaambia."

Kama oili ilikuwepo, basi ilizuiliwa, na aliyeizuia namjua. Nikatoa beringi moja baada ya nyingine, zimeungua, zimekuwa nyembamba. Nikatoa krenki. Nikapitisha waya kwenye kila kitundu, ukatokea upande wa pili. Sikuamini. Nikachukua pampu ya baiskeli yake, nikapuliza kitundu kwa kitundu huku Masanja ameweka kiganja upande wa pili.

"Upepo unakuja," akasema. "Na huu unakuja. Huu nao."

Chujio lilikuwa na uchafu wa kawaida, hakuna hata uzi mmoja. Ikabaki pampu ya oili. Nilipoivuta, kijiti cha chuma kinachoizungusha kilitoka nusu. Nusu nyingine ilibaki ndani. Kilikuwa kimevunjika, na sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa na weusi wa zamani: ufa wa tangu kinatoka kiwandani, tusingeuona kwa macho. Kilipokatika pampu ilisimama, na oili ikakaa chini haipandi.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Mzigo niliotembea nao tangu ujana ulitoka mabegani, nikajiona mwepesi hadi nikaogopa kusimama.

Masanja alivifuta vipande viwili kwa kona ya shati lake, akaviunganisha, akavitenganisha.

"Naomba nivichukue. Mke wangu, Mama Kulwa, hadi leo nikisahau kufunga zizi ananiambia, kama ulivyosahau oili."

"Chukua, mzee."

Akavifunga kwenye leso, akavitia mfukoni.

"Sasa niulize. Siku ile ungesema, wangeifungua?"

"Wangeifungua. Wangetafuta pamba."

"Wangekuta hiki."

"Wangekikuta."

Mama Leticia alileta uji, tukanywa watatu, Masanja akamweleza habari za ng'ombe wake. Ufundi niliujua mapema. Lile jingine, la kufungua mdomo siku ile ile kazi inapoharibika, nimejifunza nikiwa na pensheni, na ninyi mnaoanza sasa msisubiri kama mimi. Nimefarijika, nalala usiku mzima, lakini naijua tofauti kati ya kutokuwa na kosa la injini na kutokuwa na kosa.

Jioni Masanja alishika baiskeli yake. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikitafuta namna ya kuomba msamaha mara ya pili.

"Jumatatu nitakuja," akasema kabla sijaanza. "Tutafute kijiti kingine na beringi, tuifunge. Nataka niifikishe Masumbwe."