Kuupima Mto Kilombero Bila Kuuvuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mnyororo wa chuma wa kupimia, nikaambiwa nimfuate Bwana Mpimaji popote aendapo. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Ifakara. Bwana Mpimaji alikuwa Mwingereza mkimya, lakini alipoona napenda hesabu alinifundisha kutumia theodolaiti, yaani darubini ya miguu mitatu inayosoma pembe.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Kivukoni. Pantoni ilihitaji kamba ya chuma ya kuivusha, na kamba iliagizwa kutoka mbali. Ikija fupi, wagonjwa wa ng'ambo wangeendelea kuvushwa kwa mitumbwi masika mengine. Mvua zilikuwa zimekaribia na mnyororo haufiki ng'ambo.

"Tutapima pembetatu," alisema Bwana Mpimaji. "Upande mmoja tunao huku. Ule wa majini tutautafuta."

Mwenzetu mmoja alivuka kwa mtumbwi akasimamisha nguzo ya rangi nyekundu na nyeupe ukingoni, akaishika. Mkabala na nguzo tuliweka kigingi, tukapima futi mia mbili kandokando ya mto, kwa pembe mraba na mstari wa kwenda kwenye nguzo. Nikasogeza theodolaiti mwisho wa mstari huo. Kabla sijasoma pembe, nguzo ikaanguka. Homa ilikuwa imemkamata mwenzetu, amekaa chini anatetemeka.

Nilipochungulia tena, nguzo ilikuwa wima. Darubini za wakati ule zilipindua kila kitu, kwa hiyo nilimwona msichana kichwa chini, miguu juu, ameishika kwa mikono miwili.

"Nani yule?" aliuliza Bwana Mpimaji.

"Simjui, bwana. Lakini hatikisiki."

"Basi soma upesi!"

Pembe ilikuwa digrii sitini. Kwenye jedwali, tanjenti ya sitini ni moja nukta saba tatu mbili. Ukizidisha kwa mia mbili unapata futi mia tatu arobaini na sita, ndio upana wa mto. Tulirudia kwa mstari mwingine, jibu likawa lile lile. Msichana alisimama muda wote huo, mtumbwi aliokuwa akiungoja ukaondoka bila yeye.

Alivuka jioni na mgonjwa wetu. Nilimpokea kikapu chake cha mchele, nikamshukuru. Aliitwa Veronika.

"Mmejuaje upana na hamkuvuka?" aliuliza.

Nikamchorea pembetatu mchangani. Aliitazama sana.

"Kumbe hapa ndipo niliposimama mimi," akasema, akaweka kidole kwenye pembe ya juu.

Kamba ilipokuja ilitosha. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa kanisani.

Nilihamishiwa Mahenge, nikarudi kupima mashamba ya Namawala, nikastaafu nikiwa msimamizi wa wapimaji. Kila kituo Veronika alikuwa nami, akiuliza maswali ambayo wakubwa zangu hawakuwahi kuuliza.

Ninyi vijana mna mashine zinazotoa jibu mara moja, nami nafurahi. Ila natamani siku zile za kusoma pembe kwa jicho.

Veronika amezikwa kwao, ng'ambo. Siku hizi kuna daraja, nafika kaburini bila kumngoja mtu. Ningependa ningoje mtumbwi hata kutwa nzima, mradi yeye awe ndani yake.