Silabi Isiyokuwamo

Tangu waletewe kompyuta, karani wa ofisi ya mtaa wetu hapa Daegu, Korea Kusini, huigeuza ikupe kisogo. Kila nikienda kumwandikisha mwanangu Namui, hupuliza kibodi, hudonoa kwa vidole viwili, kisha husema taratibu, kama anayekuuzia kitu: "Mama, humu silabi huja zikiwa zimeshaungwa, kila moja na alama yake; herufi moja moja haziungiki. 'Na' imo, 'mui' hawakuiweka. Tumwandike Nami tu?"

"Mbona kalamu inaiandika? Au mashine yako inachagua watoto?"

Nilishuku uvivu, au baya zaidi. Leo nimeinama juu ya kaunta nikachungulia: baada ya 'na' palikuwa na kisanduku kitupu. Akakifunika upesi kwa kiganja, kama aliyefumaniwa. Nikarudi kwenye benchi, nimemkazia macho. Muda si muda akaita, "Mama Nami."

Nikaitika, "Abee."