Akida Hajafika

Mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi na moja, ndipo nilipoijua shida kwa jina lake. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilifika kijijini kwetu asubuhi, wakati wa uji. Baba alichukuliwa, mama hakuonekana tena, na mimi nikavuka mto nimeshika kanga ya bibi. Zaidi ya hapo usiniulize. Ninachotaka kukusimulia ni kikao.

Najua vikao vinachosha. Mimi mwenyewe leo ni mjumbe wa kamati ya kata, mwanamke wa darasa la nne kati ya watu wenye vyeti, na nimesinzia humo mara nyingi. Lakini mwezi uliopita, ilipokaribia agenda ya kubomoa kibanda cha bibi mmoja muuza mboga, niliinuka nikaomba udhuru, nikasema nimeacha chungu jikoni. Wakabaki pungufu. Mtendaji akafunga daftari: akidi haijatimia, suala limeahirishwa. Nilifika nje nikacheka peke yangu mpaka machozi, kwa sababu mimi napikia gesi. Chungu kile kilikuwa cha mtu mwingine, na huyo ndiye ninayetaka umjue.

Tulipofika Songea tulipewa banda la jiko nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa mtaa wa Lizaboni, Mngoni, Mkatoliki wa kila Jumapili, na mpika komoni wa siku zilizobaki. Bibi yangu alikuwa Myao, swala tano. Fikiria sasa, kila akitandika mkeka wake, harufu ya pombe inamfuata mpaka kwenye rakaa. Aliiita komoni uji uliokasirika. Mama yule alicheka, na siku ya kupika akahamishia chungu upande ambao moshi haukumfikia bibi. Hawakuwahi kugombana juu ya Mungu. Waligombana juu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, huyu akitaka wakaangwe wakauke kabisa, yule akitaka wachemshwe na nyanya.

Ile baridi ya mwezi wa sita bado naikumbuka kwenye vidole. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji bombani kabla ya shule, na kufukuza kuku kwenye kimea kilichoanikwa. Zilikuwa zile siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na kiberiti na chumvi tu yakajaa sabuni, kanga na sukari. Mitumba ikaja kwa marobota. Kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara, hata watu wa ofisi. Shika hilo, maana ndilo lililotuokoa mwanzoni.

Mwaka uliofuata ikaja amri kutoka juu. Vita vilikuwa vinaendelea, na waliovuka mto hawakutakiwa kukaa mjini ovyo. Kamati ya kata iwaorodheshe, asiye na ndugu wa kumwandikisha apelekwe kambini kwa lori. Sisi ndugu hatukuwa naye. Bibi alikuwa na goti lililovimba kama boga, na alishasema kwa sauti ndogo, mto mmoja nimeuvuka, lori silipandi. Mimi nilielewa. Likija lori, nitapanda peke yangu.

Kamati ilikaa kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mchana, kwenye darasa la shule ya msingi. Wajumbe kumi na mmoja, akidi sita. Sisi wenye shauri tulikaa dawati la nyuma. Mwenyekiti alikuwa askari mstaafu, mzee mkavu, aliyegonga meza kwa chupa tupu ya soda. Hakuruka mstari. Kufungua kikao. Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, na mwalimu aliyekuwa katibu aliusoma neno kwa neno kama imla. Halafu yatokanayo. Choo cha soko kilikuwa kwenye yatokanayo tangu sisi hatujavuka mto. Halafu taarifa. Agenda ya tano, Wageni. Hao ni sisi.

Siku ile ya kwanza jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Lakini wakati wanabishana juu ya choo, mjumbe mmoja alitoka kwenda kupokea lori la mitumba. Mwingine akaenda kufungua duka. Wengine sikuona hata walitokaje. Ilipofika agenda ya tano mwenyekiti akahesabu vichwa, akahesabu tena, akagonga chupa. Akidi haijatimia.

Bibi akanibana mkono mpaka ukauma. Njia nzima goti lile bovu alilisahau, alikwenda mbio. Tulipofika alimwita mama wa komoni akamwambia tumekwisha, Akida anakuja.

Usicheke bado. Mama yake bibi alizaliwa upande huu huu wa mto. Baada ya vita vya Majimaji akida wa Wajerumani alipita na fimbo na askari wake kudai kodi, akachoma ghala la mahindi, na yule mama akakimbilia ng'ambo. Kwetu mtoto aliyelia ovyo aliambiwa akida huyo. Sasa bibi, na Kiswahili chake cha kuokoteza, amekaa kwenye kikao cha kumfukuza, anasikia wakubwa wanasema hatuwezi kuamua, akidi haijatimia. Yeye akasikia Akida hajafika. Akajua wanamsubiri.

Mama wa komoni alikuwa mjumbe pia, mwakilishi wa akina mama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alianza kueleza kwamba akidi si mtu, ni idadi, halafu akanyamaza katikati. Aligeuza mwiko kwenye chungu mara mbili tatu, akasema taratibu:

"Basi mama, lala usingizi. Huyo Akida wako nitamchelewesha njiani."

Mwezi uliofuata yatokanayo yalipokaribia kwisha akasimama, akaomba udhuru, chungu chake kiko motoni. Alipofika mlangoni akamtazama balozi wa nyumba kumi, mteja wake mkubwa. Balozi naye akakumbuka ana mgeni. Wakabaki watano. Chupa ikagonga. Mwezi wa pili chungu. Mwezi wa tatu chungu. Mwalimu akaandika kwa mwandiko wake mzuri, agenda namba tano iliahirishwa. Bibi kila Alhamisi ile alifunga na kumwomba Mungu Akida ateguke mguu.

Na huku miezi ikipita watu walituzoea. Bibi alisuka mikeka barazani. Aliwakanda watoto wachanga wenye mchango wa tumbo. Wapita njia walimpa shikamoo na yeye akawajibu kwa majina ya watoto wao. Mimi nikajua kusoma.

Kikao cha sita mwenyekiti aliingia, akafungua kikao, akasema leo agenda ya tano inakuwa ya kwanza. Halafu akamgeukia mama wa komoni.

"Na wewe mama, kama kuna chungu motoni, tunakusubiri ukakiepue urudi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilimwona anakaza kanga kiunoni. Wajumbe kumi na mmoja walikuwepo wote. Mwalimu akasoma majina yetu mawili, na penye ndugu akasoma hakuna. Mwenyekiti akauliza kama wahusika wana neno.

Bibi akainuka kwa kushika bega langu. Nilidhani atalia. Akasema:

"Ambuje, bwana mkubwa, naomba kumwona Akida mwenyewe. Mama yangu alimkimbia. Mimi nimechoka kukimbia. Yuko wapi, nimwambie mwenyewe?"

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mama wa komoni, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Ikabidi aeleze, yote, mpaka habari ya chungu. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole ambao sikujua anao, mama, hakuna akida. Akidi ni sisi, tukiwa wengi wa kutosha.

Bibi akawatazama mmoja mmoja, kutoka dirishani mpaka mlangoni.

"Kumbe ni nyie," akasema. "Nyie mbona mnanipa shikamoo? Mtu akupe shikamoo asubuhi, mchana akupakie kwenye lori?"

Akakaa chini. Nje kengele ya shule ikagongwa na watoto wakatoka wanapiga kelele. Mwenyekiti akafuata kanuni kama kawaida. Akauliza kama kuna hoja. Balozi akatoa hoja kwamba waandikwe wakazi. Nani anaunga mkono? Mikono ikahesabiwa, kumi, na wa kumi na moja ukapanda polepole, wa mwenye duka. Ndipo mzee yule, asiyeruka mstari maisha yake yote, akamwambia mwalimu pale penye ndugu futa hakuna. Andika, kamati ya kata.

Bibi aliishi miaka tisa mingine. Tulimzika hapa Songea, na waliobeba jeneza wengi walikuwa akidi ile. Leo hawapo. Mwenyekiti alikwenda, mwalimu akamfuata, mama wa komoni alikufa mikononi mwangu, na lile darasa wamelivunja wakajenga jingine. Vikao vyetu sasa vina makabrasha ya kuchapwa na maji ya chupa, na mtu ana haraka ya kufika kwenye maazimio. Nasikia watu wakitukana urasimu. Mimi siutukani. Nililelewa na yatokanayo, na kuahirishwa kwangu kulikuwa kuishi.

Nilichonacho leo ni nyumba ya vyumba vitano Mjimwema, hati iko kabatini. Mashine mbili za kusaga. Shamba la mahindi eka kumi na mbili. Ng'ombe watatu wa maziwa. Pikipiki mbili za bodaboda. Watoto wanne waliosoma kunishinda, wajukuu wawili. Mkeka mmoja wa bibi, umechakaa, haukaliwi. Kiti kwenye kamati ya kata. Jiko la gesi.

Chungu sina. Ila agenda ya yule muuza mboga ikirudi Alhamisi ijayo, ninacho.