Tovuti Iliyosomwa kwa Sauti

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mkabala na foleni ya malori. Kazi yangu ni kuingiza nyaraka za mizigo kwenye mfumo wa forodha, na wiki ile mfumo ulikuwa ukinitupa nje kila nikifika katikati. Madereva walinung'unika, boss akanuna, mwishowe akaita fundi wa mtandao kutoka Busia.

Fundi alikuwa mtu mpole. Alinieleza kwamba atawasha rekodi ya muda mfupi tu kwenye laini yangu ya mtandao, iandike kompyuta inawasiliana na nani nikiwa kazini, halafu aizime.

"Wewe fanya kazi kama kawaida, mama," akaniambia.

Shida ni kwamba kawaida yangu ilikuwa na jambo lingine. Mimi ni mjane, tena kiongozi wa akina mama kanisani, na nilikuwa nimejiandikisha kwenye tovuti ya wanaotafuta wachumba. Kila nikisubiri ukurasa wa forodha ufunguke, nilichungulia kama kuna aliyeniandikia. Siku ile pia nilichungulia, mazoea tu.

Baada ya chakula cha mchana fundi alianza kumsomea boss mistari ya rekodi. Forodha. Barua pepe. Forodha. Kisha akalitaja jina la ile tovuti, lenye neno "mchumba" ndani yake, akalitaja tena na tena kabla hajang'amua. Boss aligeukia dirishani. Mwanamke mwenzangu wa meza ya pili alishika kalamu asiandike kitu. Masikio yaliniwaka moto.

Fundi akaruka mistari, akasema kosa si langu: modemu yetu ilikuwa ikirukia mnara wa simu wa upande wa Uganda, anwani ya kompyuta yangu mtandaoni inabadilika, mfumo unadhani ni mtu mwingine na kunifungia. Akaiseti ishike mtandao wa Kenya pekee, akafuta rekodi mbele yangu. Laini haikukatika tena. Sikumshukuru. Nilishindwa hata kumtazama.

Jumapili niliketi nyuma kabisa kanisani, kule Chakol, ingawa hakuna wa huko aliyejua lolote. Jumatatu yule mwenzangu wa meza ya pili, ambaye pia anaishi peke yake, alinifuata kwenye korido.

"Dada, ile tovuti, mtu anajiungaje?"

Nilimwambia sijui anazungumzia nini. Akasema pole, akarudi mezani kwake. Bado tunakaa karibu hivyo hivyo, na akiinua macho mimi hujifanya nasoma.