Makaburi Mawili Yaliyofutwa Kwenye Picha

Saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijapiga kioo cha kompyuta, Pelenatete Leavasa anatundika mwezi wa pili juu ya pwani ya Fagamalu. Mwezi unakaa. Anasogeza kiti nyuma, anakunja uso, kisha anaanza kuchora kivuli cha pili chini ya kila mnazi.

"Watu wanadhani kazi ni kuweka maajabu," anasema. "Maajabu ni dakika tano. Kivuli ndicho kinachokula siku."

Ana miaka thelathini na mitatu. Anafanyia kazi kwenye pembe ya duka la mama yake, kati ya makopo ya samaki na magunia ya mchele, hapa kisiwani Savai'i. Wateja wake wengi ni Wasamoa wenzake waliohamia ng'ambo, jijini Auckland. Anapiga picha ya kwao, kisha anaigeuza: maporomoko yanang'aa, mawe meusi yanaelea, popo wanakuwa wakubwa kama mitumbwi.

"Nusu kweli, nusu ndoto. Mtu apajue kwao kwanza, ndipo ashangae."

Picha moja ni tala mia na hamsini, pesa ya hapa. Akipata mbili kwa wiki, anamshukuru Mungu.

Mama yake, Fuatino, anapima sukari upande wa pili. Anadakia: "Waambie na ile ya makaburi."

"Mama, jamani, nilikuwa nafika huko."

"Unafika tangu saa ngapi? Miezi angani imeshakuwa miwili, makaburi bado!"

Mwaka jana kijana mmoja, Ioelu, aliyezaliwa Auckland na asiyewahi kukanyaga huku, aliagiza picha ya nyumba ya bibi yake, Saunoa, hapo hapo Fagamalu. Mbele ya nyumba, kama zilivyo nyumba zetu zote, wamelala watu wa ukoo: makaburi mawili ya vigae vyeupe. Ioelu alipoona picha ya kwanza akatuma sauti: "Dada, hivyo viti vyeupe vya mbele vinaharibu. Vitoe."

"Nilijua si viti," anasema Pelenatete. "Ningemwambia tu. Lakini na mimi vilikuwa vinanikera. Vigae vinameta jua la mchana, na mimi nataka la magharibi. Asubuhi ile nilikuwa nimeshafuta kamba ya nguo, pipa la taka, nyaya za umeme. Mkono ukaendelea."

Pale mahali akaweka ngazi za mawe zinazopanda mawinguni.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kuogopa. Watoto wetu wana simu, na siku hizi kufuta ni kidole tu. Kaeni nao, mwaulize wanafuta nini.

Picha ikachapwa, pana kama mlango, ikaletwa na kufunuliwa mbele ya bibi Saunoa, mwenye miaka themanini na mmoja. Akaitazama sana.

"Baba yangu mmemhamishia wapi?" akauliza. "Na mtoto wangu?"

Siku ile ile familia ikatuma neno: Pelenatete asiinue tena kamera Fagamalu. Nyumba nyingine nazo zikaanza kumfungia milango. Kazi yake ilikuwa inakwisha.

Jumatatu, kabla jua halijachomoza, Fuatino akatoa mkeka wake laini wa heshima, aliosukiwa na mama yake mzazi. Wakaenda kuketi nyasini mbele ya nyumba ya Saunoa, wamejifunika huo mkeka, kama afanyavyo hapa aliyekosa; aliyekosewa akimfunua, amemsamehe.

"Nilimwambia tusipofunuliwa leo tutarudi kesho," anakumbuka Fuatino. "Magoti yangu yalikuwa na maoni mengine."

Chini ya mkeka joto lilizidi. Kwenye upenyo wa ukingo Pelenatete aliona kitu kimoja tu, kigae cha kaburi dogo. "Nimepita pale maisha yangu yote. Siku ile ndiyo nikasoma. Fiapopo, miaka sita."

Kwenye saa nne, Saunoa akatoka, akaufunua mkeka kwa mkono wake.

"Inuka, mtoto wewe. Unatokwa jasho kwenye mkeka mzuri." Akawapa chai na magimbi. Halafu akasema: "Haya. Warudishe."

Pelenatete akatupa ngazi na mawingu. Mwanga wote wa picha mpya akaufanya utoke kwenye makaburi yenyewe; unapanda minazi mpaka juu. Saunoa aligusa kwenye picha nafasi iliyobaki kando ya kaburi la mtoto wake.

"Hapa usiweke maua. Hapa ni pangu."

Sasa, kabla ya kutoa kamera, Pelenatete huingia ndani, huuliza ni akina nani wamelala pale mbele, huandika majina. Kwenye kompyuta makaburi huyaweka kwenye tabaka lao peke yao, kama karatasi angavu juu ya picha, na tabaka hilo hulifunga lisiguswe.

"Bibi angeweza kutuacha juani. Namshukuru kila ninapowasha mashine hii."

Likizo ijayo anataka kufundisha watoto kumi wa shule ya msingi. Siku ya kwanza hawatagusa kompyuta. Watapita nyumba kwa nyumba wakisoma majina.

"Na wasome vizuri," anasema Fuatino, akifunga mfuko wa sukari. "Mkeka alibaki nao bibi. Mimi sina mwingine."