Noti Iliyopigwa Pasi

Kwa miaka arobaini dobi yule hakuwahi kumkabidhi mtu kitu chenye mikunjo. Basi alipoikuta noti ya elfu kumi ya enzi za mkoloni ndani ya bitana ya koti la marehemu baba yake, na mnunuzi wa noti za kale akaahidi kuja, aliifua, akaitia wanga, akaipiga pasi ikanyooka kama rula.

Mnunuzi akaipapasa, akaguna. "Mzee, hizi zimebaki chache mno. Ungeiacha na mikunjo yake, ningekupa bei ya nyumba. Sasa haifiki hata bei ya pasi."

Mke wa dobi akashika kichwa. Dobi mwenyewe alikuwa akilitazama shati la mgeni, limejikunja kama limetoka mdomoni mwa ng'ombe.

"Nirudishie noti yangu," alisema. "Na hilo shati livue."