Aliyemsemea Babu Zizi

MSAMBWENI, 1967 – Saa tisa alasiri, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa magunia. Chome Rai amesimama kando ya pazia jeupe la sinema, kipaza sauti mkononi. Leo hataniani na watu kama ilivyo desturi yake.

"Shikamoo, mama," anamwamkia Mwanatumu, muuza maandazi aliyeketi safu ya mbele.

"Marahaba, mwanangu. Babu Zizi yumo leo?"

"Yumo."

Asubuhi Maweu, dereva wa gari la sinema, amemwonyesha gazeti: Orrin Pell, mwigizaji wa filamu za makauboi, amefariki kwao Marekani.

Chome, mwenye umri wa miaka 43, ni mkalimani wa sinema. Ukame ulipoimaliza mifugo ya baba yake huko Kinango, aliajiriwa kubeba pazia na nguzo zake. Kiingereza cha shule ya misheni kikampandisha cheo. Ni mwaka wa kumi na moja sasa anawafasiria watu, kutoka Galu hadi Jego, maneno ya makauboi.

Pell hakuwahi kuwa nyota. Katika filamu kumi na tisa alizozifasiri Chome, alikuwa mpika maharage, mchimba makaburi, na mara nyingi mtunza farasi. Ndipo watu wakamwita Babu Zizi.

"Nyota akipigwa risasi, unajua atapona," anasema Chome. "Huyu akipigwa, unashika kifua. Akivua kofia mbele ya maiti, unaamini walijuana tangu utotoni. Hakupewa maneno mengi. Alisema kwa macho na mikono."

Kila alipouawa, watazamaji hawakuhuzunika sana. Mwezi uliofuata gari lilimrudisha akiwa hai.

Leo Babu Zizi anaangukia karibu na hori la farasi. Anaanza kumwambia rafiki yake maneno ya mwisho. Chome anainua kipaza sauti, kisha anakishusha. Inasikika sauti ya Pell peke yake, nyembamba, yenye mikwaruzo.

"Mbona humsemei?" Mwanatumu anauliza.

"Leo ajisemee mwenyewe, mama."

Filamu inapokwisha, Chome anawaambia watu kuwa Babu Zizi amefariki. Mwanamume mmoja anauliza kama si kufa kwa sinema.

"La," Chome anajibu. "Safari hii ndiyo kweli."

Mwanatumu anajifunika kanga kichwani.

"Matanga haya ni yetu sote," anasema. "Alitufurahisha, wala hakujua kama tupo. Mwandikie mkewe, mwanangu. Mwambie na huku tumefiwa."

Barua hiyo Chome ameianza. Ameiomba pia ofisi ya sinema ya Mombasa imwachie iwe yake filamu moja kuukuu ya Pell iliyomo garini, ile ambamo Babu Zizi anamkimbiza nyumbu aliyekula shati lake. Bado anangoja jibu.

Alhamisi ataionyesha filamu hiyo huko Jego, ambako habari hazijafika.

"Nitawaacha wacheke kwanza," anasema. "Wakishacheka, nitawaambia."